Ndiyo ya Kuvuta Pumzi

Reykjavík, 2 Novemba 2013

Mwanangu Kolbeinn,

“Mteja aliulizwa kama yuko sawa, naye akajibu ndiyo.” Sentensi hiyo ilikuwa gazetini jana, ukurasa wa nne. Imetolewa na kampuni yenu ya uzamiaji, nami nimeikata nikaibandika juu ya sinki ili niikasirikie kila ninapoosha vikombe. Salamu zitafuata. Kwanza niimalize.

“Aliulizwa.” Na nani? Kitenzi hakina mtu. Miaka ishirini na sita nimeandika magazetini, na ninachokijua ni kwamba mtu akifichwa ndani ya kitenzi, kuna mtu mwingine anayelipwa kumficha. “Akajibu ndiyo.” Vizuri sana. Mwanamke wa miaka sitini, mwalimu wa hesabu, anazamia kwenye ufa wa maji wa Kaldagjá tarehe 9 Oktoba, saa tano asubuhi, na saa sita kasoro anatolewa akiwa maiti, na kitu pekee ambacho kampuni inakikumbuka vizuri ni kwamba alikubali. Marehemu ni shahidi mzuri kweli. Habishi.

Wanataka kusema kosa ni lake. Hawana ujasiri wa kulisema, kwa hiyo wamemtia maneno mdomoni. Na kwa kuwa wewe ndiwe uliyemwongoza mwanamke huyo, Finna, majini siku ile, wamekutia maneno na wewe. Mimi nakujua. Hujawahi kudanganya hata kwenye karata, ndiyo maana unashindwa kila Krismasi. Jumamosi ijayo nitaandika kwamba neno hilo limetungwa ofisini.

Sasa salamu. Goti langu ni lile lile. Jirani wa juu amenunua piano na hajui kuipiga, ila hajakata tamaa. Mwambie baba yako nimempelekea sanduku la vitabu, na asimpe mbwa alalie. Nimesikia barabara ya kwenu inaweza kufungwa kabla ya mwisho wa mwezi, na kwamba tangu uende hapo shambani hutaki simu, kwa sababu kwenye simu simwachi mtu amalize. Ni kweli. Karatasi haikatizwi, basi andika.

Swali ni moja: neno lile waliliandika wao?

Shangazi yako,
Steinvör


Norðurfjörður, 21 Novemba 2013

Shangazi Steinvör,

Natumaini goti limepoa na piano imenyamaza. Barua yako imechelewa kwa sababu ndege ya posta ilizunguka mara mbili juu ya ghuba, ikaona upepo, ikarudi nayo mjini. Ilipofika mara ya pili ilileta na sanduku la vitabu. Baba anakusalimu. Amesoma makala yako ya Jumamosi, anasema umeandika vizuri kama kawaida na umekosea kama kawaida. Nilimuuliza umekosea wapi, akasema hajui bado, ila hajawahi kuona ukikosa kukosea.

Kondoo wote wameshaingia bandani. Dume jeusi limevunja ubavu wa zizi, tumeutengeneza kwa mlango wa gari la zamani la babu. Baba amejing’oa jino kwa koleo kisha akaenda kulisha kondoo bila kusema kitu. Nimegundua nilipolikuta jino kwenye kifuniko cha ndoo.

Umewahi kuniuliza kwa nini nimekaa miaka sita pale Kaldagjá na sikukujibu vizuri. Maji yale yanatoka kwenye barafu ya mlimani na yanapita chini ya mawe ya volkano miaka mingi kabla ya kutokea ufani. Yakifika hayana kitu ndani yake, hata vumbi. Mtu akishuka ngazi na kuweka uso ndani, jambo la kwanza analofanya ni kushika chuma kwa mikono miwili. Haoni maji. Anaona kuta mbili zinashuka mita ishirini, anaona kila jiwe la chini, na mwili unamwambia ataanguka. Mimi husubiri hapo. Baada ya muda mikono inaachia moja moja. Mtu anagundua kwamba kilichompa hofu ndicho kinachombeba. Nimeona watu wazima wakilia ndani ya miwani yao kwa ajili ya hilo.

Maji ni nyuzi joto mbili tu, kiangazi na kipupwe. Midomo hufa ganzi kwanza, kwa sababu ndiyo pekee isiyovikwa kitu.

Kuhusu swali lako, upepo huku ni mkali na taa zinakatika. Nakuomba tu usiandike tena juu ya Finna.

Kolbeinn


Reykjavík, 8 Desemba 2013

Mwanangu,

Msalimu baba yako na umwambie meno yana wataalamu wake. Huku theluji imeanguka ikayeyuka ikaganda, na jana nimeanguka mbele ya duka la mikate nikiwa nimebeba keki, keki ikapona. Jirani amejifunza wimbo mmoja.

Umeniandikia kurasa mbili nzuri kuhusu maji. Zingekuwa za mtu mwingine ningezipigia makofi. Nilikuuliza swali la maneno manne ukanijibu upepo.

Na umechelewa. Makala ya pili imeshatoka. Nimeandika kwamba kuna ofisi hapa nchini ambako marehemu huongea kuliko walio hai. Watu arobaini wameniandikia kunipongeza. Kwenye bwawa la mtaani, nilipoingia kwenye dimbwi la maji ya moto, wazee wawili walinisogelea kunipa mkono. Nakiri nilikuwa nimeketi pale kama malkia.

Alikuwepo na mzee wa tatu, upande wa pili wa mvuke. Hakunipa mkono. Wale wawili walipotoka akasogea.

“Wewe ndiye Steinvör.”

“Ndiye.”

“Mimi Ásgrímur. Mume wa Finna.”

Kolbeinn, mtu aliyezama hadi shingoni katika maji ya moto hana pa kuweka mikono yake. Nilianza kumpa pole na kumweleza kwamba napigana kwa ajili ya mke wake. Aliacha nimalize, jambo ambalo mimi simfanyii mtu. Kisha akasema Finna alikuwa mwoga wa maji tangu utotoni. Aliona mashua ikipinduka. Alipofika miaka hamsini na minane akaamua kwamba hafi na hofu hiyo. Miaka miwili alijifunza, kwanza kuogelea, kisha kuzamia, kila Jumatano, akirudi nyumbani na nywele zimeganda. Siku ya Kaldagjá ilikuwa zawadi aliyojipa ya miaka sitini.

“Alifika pale,” akasema, “akaulizwa yuko sawa, akasema ndiyo. Miezi miwili nimelala usingizi kwa sababu ya neno hilo. Halafu wewe unaandika kwamba lilitungwa ofisini. Niachie neno langu, mama.”

 Nilipofika nyumbani nilikuwa na majibu manne, yote mazuri, na hakuna hata moja ambalo ningethubutu kumwambia mtu aliyevaa chupi ya kuogelea na pete mbili kwenye kidole kimoja.

Wachunguzi wa ajali wanakaa tarehe 12 Machi na watakuita. Kabla ya hapo nataka kujua nimempokonya mzee yule kitu cha kweli au cha uongo. Neno lile waliliandika wao?

Steinvör


Norðurfjörður, 28 Desemba 2013

Shangazi,

Heri ya Krismasi iliyokwisha pita. Tarehe ishirini na tatu tulikula samaki taa aliyevundikwa, na mpaka leo koti langu linanuka kiasi kwamba mbwa ananifuata kwa heshima. Baba amewapeleka madume kwa majike na ameshaanza kuhesabu siku hadi Mei. Barabara imefungwa. Ndege haitatua mpaka upepo utulie, kwa hiyo sijui utasoma haya lini, na nadhani ndiyo maana naweza kuyaandika.

Neno ni langu. Kampuni haikutunga kitu. Mchana ule walinipa fomu, na penye sehemu ya hali ya mteja kabla ya kuzamia niliandika kwa mkono wangu: aliulizwa, akajibu ndiyo. Wewe umeandika mara mbili gazetini kwamba ni uongo wa ofisi, na mimi nimekuacha uandike.

Walikuwa wanne. Ndugu wawili kutoka Korea, Mjerumani mmoja, na Finna. Pale kwenye jukwaa la chuma, maji yakiwa kifuani, kila mtu lazima anionyeshe mkono: kidole gumba na cha shahada vikutane, duara, maana yake niko sawa. Neno la mdomo silipokei. Mgeni akiniambia ndiyo, namwambia sisikii, nionyeshe. Hata akicheka, hata akirudia kwa sauti, nasubiri duara. Nikawapitia Wakorea, mkono na mkono. Mjerumani, mkono.

Nikafika kwa Finna. Njia nzima ndani ya gari tulikuwa tumepiga soga kwa lugha yetu, amenitania kwamba nafunga mikanda kama mtu anayefunga kitoweo. Tulishakuwa kama watu wa nyumba moja. Sikumwomba mkono. Nilimuuliza kama ninavyomuuliza mtu jikoni: “Uko sawa, Finna?” Akanijibu kwa ile ndiyo yetu ya kuvuta pumzi.

Unaijua, unaisema mara mia kwa siku. Wageni hunivuta pembeni kuniuliza kama watu wa nchi hii wana pumu. Wengine wote duniani hutoa neno nje. Sisi tunavuta hewa na neno linaingia nayo, já, kama mtu anayelimeza. Hivyo ndivyo nilivyosikia. Nikamwekea kipumulio mdomoni mimi mwenyewe, kwa sababu glavu zake zilikuwa nene. Baada ya hapo hakuweza kusema kitu kingine.

Baada ya mita arobaini niligeuka kuwahesabu. Watatu walikuwa wanapiga mapezi. Finna alikuwa nyuma, amesimama wima majini, ameinamisha uso kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa chini kabisa. Maji ni maangavu mno, shangazi. Niliiona miwani yake toka mbali. Niliona macho yamefunguka.

Walipomvua vazi la kuzamia, ambalo halipaswi kuingiza hata tone, maji yalimwagika ndoo nzima. Ukosi wa mpira shingoni haukukaa sawasawa, na mimi ndiye niliyeukagua. Kwa wingi ule, yalianza kuingia pale pale jukwaani. Sasa niambie, maji ya nyuzi mbili yakimshika mtu shingoni kwa ghafla, anafanya nini? Anavuta pumzi. Anaivuta hivyo hivyo.

Sijui nilisikia nini. Ndiyo, au maji. Nimejaribu bandani, najimwagia maji ya theluji shingoni, kisha nasema ile ndiyo yetu, kisha najimwagia tena. Sauti ni ile ile. Kondoo wamezoea, Baba bado.

Wageni wale watatu walikuwa salama kwa sababu sikuwaelewa. Finna nilimwelewa.

Nikiyasema haya mbele ya wachunguzi, leseni imekwenda, na huenda nikapelekwa mahakamani. Ningependa kukuambia kwamba hilo silo linalonizuia. Linanizuia. Lakini na mzee Ásgrímur pia. Umeniambia analala kwa sababu ya neno moja, na sasa nataka kwenda kumwambia kwamba huenda halikuwa neno.

Wewe una jibu la kila kitu. Nipe la hili.

Kolbeinn


Reykjavík, 19 Februari 2014

Mwanangu,

Wewe na baba yako mmepokea kahawa niliyotuma? Ilipanda ndege pamoja na dawa za kondoo, kwa hiyo inusheni kwanza. Jirani amehama na piano yake, na cha ajabu ni kwamba jioni najikuta nimetega sikio kuisikia.

Barua yako ilinifikia tarehe 24 Januari, nami nimekaa nayo karibu wiki nne. Utakuwa umefikiri nimekasirika. Nilikasirika siku ya kwanza, kwa sababu umeniacha nijiaibishe mbele ya nchi nzima. Siku ya pili nilikumbuka kwamba nilikuuliza swali nikiwa nimeshaandika jibu. Baada ya hapo sikuwa na wa kumkasirikia, na wewe unajua mimi nikikosa wa kumkasirikia nakuwa kama mtu aliyepoteza miwani.

Nimekwenda Kaldagjá. Usipige kelele. Nina miaka hamsini na tano na goti moja, na nimejifunza kwenye bwawa wikendi tatu mfululizo na mwalimu aliyekuwa akiniita bibi mpaka nikamwonyesha kitambulisho. Nikajiandikisha kwa kampuni nyingine, si yenu, nikaenda Jumapili iliyopita. Ardhi nyeupe, ufa mweusi kwa juu, na ukiinama, ule ubuluu usiokuwa na jina katika kitabu chochote nilichosoma. Nimesoma vitabu vingi juu ya kina, sasa naona vyote viliandikwa na watu waliokaa kitini.

Mwongozaji alikuwa msichana mzuri, makini kuliko wewe katika kufunga mikanda. Walikuwepo Wafaransa wawili. Akawaomba mkono. Wakaonyesha. Akanigeukia mimi na kuniuliza kwa lugha yetu, kwa sauti ya jikoni, kama ulivyosema: “Uko sawa?”

Nilikuwa nimejiandaa. Elewa hilo. Nilikuwa nimekesha usiku kucha nikijiambia kwamba akiniuliza nitatoa neno nje, kwa sauti, kama ninavyosoma mbele ya watu. Nilikwenda pale kuitega sauti ile kama mtu anayetega panya. Wakati huo huo glavu ya kushoto ikapitisha maji, na baridi ikanipanda mkono mpaka kwapani, na nikasikia: já. Ikaingia. Sikuisema, na niliisema. Sikuwa sawa hata kidogo, na nilitaka sana kuwa sawa, na vyote viwili viliingia kwa pumzi moja. Msichana akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na kunyoosha mkono kwenye kipumulio changu.

Nikamshika kiwiko. Nikatoa hewa. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani, kisha nikaweza kusema: “Hapana, subiri.” Akabadilika rangi. Tukatoka, tukabadili glavu, tukarudi.

Kisha nikazamia. Nilishika chuma kwa mikono miwili kama ulivyoandika. Nikaachia mmoja, nikaachia wa pili. Kolbeinn, nilikaa kati ya zile kuta bila kuwa na maoni. Nadhani ni dakika ishirini. Nilimfikiria Finna na Jumatano zake mia moja, na nikafikiri: mwanamke huyu alitembea mwendo mrefu kuliko wangu wote ili afike mahali hapa, na mimi nilimfanya kuwa hoja.

Umeniomba jibu. Kwa wachunguzi, unalijua mwenyewe, sihitaji kulisema. Kuhusu mzee Ásgrímur, sina. Naweza kukuambia tu kwamba sauti yangu ilikuwa mambo mawili kwa pamoja, na huenda na yake pia. Ila sitakuandikia ukamwambie nini, wala kama umwambie au usimwambie. Nimeshaingiza mkono wangu katika mdomo wa mke wake mara mbili. Inatosha.

Nyumba yangu ina kitanda cha ziada. Njoo na ndege ya Jumatatu kabla ya kikao, kama itatua.

Steinvör


Norðurfjörður, 16 Machi 2014

Shangazi,

Nimefika salama, na Baba anashukuru kwa ile soksi ndefu, anasema imefumwa kwa ajili ya mtu mwenye mguu mmoja mrefu. Samahani kwamba siku zile tatu kwako sikusema kitu mezani. Ulinipikia samaki, ukanyamaza kwa ajili yangu, na najua kipi kilikugharimu zaidi. Nakuandikia sasa.

Nilikwenda kwa Ásgrímur tarehe 11, siku moja kabla ya wachunguzi. Alifungua mlango akanitambua. Akachemsha kahawa, akakata mkate bapa, akaweka nyama ya kondoo ya moshi juu, yote bila haraka. Nikamweleza kila kitu nilichokuandikia. Ukosi. Mikono ya wageni. Jikoni. Nikamwambia sijui kama nilisikia ndiyo.

Akaniomba niifanye ile sauti. Nikaifanya. Akaniambia niirudie. Nikairudia.

Kahawa ikatengeneza utando kikombeni mwake. Kisha akasema siku ya harusi yao Finna alijibu hivyo hivyo mbele ya altare, kwa kuvuta pumzi, na kanisa zima likacheka, kwa sababu kasisi alimwita kwa jina lake kamili na kusema: “Guðfinna, hiyo umejiwekea mwenyewe, nami nataka yangu.” Akajibu mara ya pili kwa sauti.

“Kasisi aliuliza mara ya pili,” akaniambia.

“Ndiyo.”

“Wewe hukuuliza.”

“Sikuuliza.”

Hakusema amenisamehe, nami sikuomba. Baada ya muda akanisogezea sahani na kuniambia nimalize mkate, njia ni ndefu.

Kesho yake niliyasema yote kwa wachunguzi. Fomu ile waliiweka mezani, nikasema mbele yao kwamba sina hakika na nilichoandika. Leseni wamechukua. Jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na wakili anasema nisubiri mpaka vuli. Kampuni imenitumia barua ya mistari mitatu. Mei nitakuwa hapa kwa ajili ya wana-kondoo, baada ya hapo sijui.

Andika, shangazi. Weka jina langu. Nimemuuliza Ásgrímur kwa simu. Amesema uandike, ila usimpambe Finna.

Kolbeinn


Reykjavík, 20 Machi 2014

Mwanangu Kolbeinn,

Salamu kwako na kwa baba yako, na soksi nyingine iko njiani, ile iliyobaki. Goti limekubali kupanda ngazi. Nakutumia makala kabla ya kumpa mhariri, jambo ambalo sijamfanyia mtu yeyote. Ukitaka kufuta mstari, futa. Ásgrímur ameshafuta miwili, na alikuwa sahihi kwa mmoja.

Inasomeka hivi:

Niliandika mara mbili katika safu hii kwamba kampuni moja ilitunga neno la marehemu. Haikulitunga. Nilikosea. Liliandikwa na mpwa wangu, Kolbeinn Bárðarson, aliyemwongoza Guðfinna kwenye ufa wa Kaldagjá tarehe 9 Oktoba, na amekwenda mwenyewe kuwaambia wachunguzi kwamba hajui kama neno hilo lilisemwa. Ninyi arobaini mlionipongeza, nirudishieni pongezi zangu kwa njia yoyote mnayoiona inafaa.

Wenye kampuni wasifurahi mapema. Nilikosea juu ya nani alisema uongo, kwa sababu hakuna aliyesema. Kilichotokea ni kibaya zaidi. Mtu mwema aliwalinda wageni watatu kwa mkono, na mwenzetu akamlinda kwa neno. Tuna ndiyo ambayo haitofautiani na mshtuko wa baridi. Tunaisema kwenye simu, kazini, hospitalini, kwa watoto wetu. Tunajivunia kwamba sisi kwa sisi tunaelewana kwa nusu neno. Finna alipata nusu neno. Alistahili zima, kama mgeni yeyote aliyelipia tiketi.

Nimezamia huko mwenyewe. Nimeulizwa, nimejibu ndiyo, na sikuwa sawa. Mwongozaji wangu hakuwa mzembe. Alikuwa mtu wa lugha yetu tu, na ukaribu ule nusura uniingize majini.

Kwa hiyo nasema na ninyi mnaoongoza watu Kaldagjá. Mko kumi na saba, majina yenu ninayo. Msimu wa watalii wengi unaanza tarehe mosi Mei. Kabla ya siku hiyo andikeni katika kanuni zenu, kila kampuni, na msaini wote kumi na saba: mtu wa lugha yetu naye ataonyesha mkono. Awe mwalimu wako, awe mama yako mzazi. Akikujibu kwa kuvuta pumzi, hesabu kwamba hajajibu. Usiguse kipumulio chake. Msubiri atoe hewa, umuulize tena, na usimruhusu kushuka mpaka duara la vidole vyake liwe mbele ya macho yako. Nitakuja jukwaani asubuhi ya tarehe mosi, nimevaa vazi, na nitasimama wa mwisho kwenye foleni. Niulizeni.